Ofisi ya Wazambia na Mama Mkwe

Ngusa, watu wa kodi wamemkuta mama mkwe wangu ndani ya ofisi ya kampuni ya Wazambia.

Wale wanunuzi wa mpunga walikwama kupata namba ya mlipakodi kwa kuwa hawana ofisi Tanzania. Nikawaambia wapange chumba changu cha uani hapa Mpanda. Nilijua mkwe amefikia humo, nikasema mkataba ni karatasi tu.

Leo afisa kaja kukagua. "Mzee Masele, fungua."

Nifungue vipi? Mkwe amelala! Msukuma gani anaingia anapolala mkwe wake? Nikabaki kule kwenye banda la kuku.

"Unaficha nini?"

"Sifichi. Naheshimu!"

Mlango ukafunguka. Mkwe huyo, na khanga moja.

"Mama, wewe ndiye mwakilishi wa kampuni?"

"Kampuni gani, baba? Hapa kwa mkwe wangu."

Nikakimbia, Ngusa. Na kitambi hiki, nimekimbia!

Namba wamenyimwa. Mpaka sasa nimepoteza pango la miezi sita, mbuzi mmoja wa kumwomba mkwe radhi, na mke wangu, aliyemsindikiza mama yake Kibaoni bila kusema atarudi lini.