Vikombe vya Chekechea

Mjukuu wangu Mwende,

Barua yako imefika. Hapa Machakos tu wazima. Babu yako anapalilia mbaazi na goti lake limetulia. Unauliza utajuaje chekechea inayofaa kumwachia mwanao Mumo ukirudi kazini kiwandani.

Nilipomaliza kidato cha nne nilisaidia katika chekechea ya kanisa. Mwalimu wetu, Mama Ndunge, alishika ile mila yetu kwamba watoto hawahesabiwi, wasije wakadhurika. Jioni moja tulikuwa tumeshafunga milango nyanya mmoja akafika langoni.

"Na Kioko wangu mmempa nani?"

Tulifungua milango tena, tukamtafuta. Tulimpata kwenye stoo ya unga, amelala nyuma ya magunia. Nyanya alimfunga mgongoni, akasema, "Hata mbuzi wangu huchungwa vizuri kuliko hivi."

Kesho yake niliomba kila mtoto aje na kikombe chake cha uji na jioni aondoke nacho. Kikombe kikibaki rafuni, mtoto bado yuko ndani.

"Kumbe unawahesabu!" akasema Mama Ndunge.

"Nahesabu vikombe, mwalimu."

Akacheka, akaniacha niendelee.

Kwa hiyo rangi ya ukuta isikushughulishe. Nenda saa ya kufunga, uulize wamebaki watoto wangapi na wako wapi. Wakibabaika, mlete Mumo kwangu.

Nimefungua shajara yangu ya siku ile ya vikombe. Ina mstari mmoja tu: "Rafu tupu. Nimefunga mlango."

Ni mimi nyanya yako,
Kalondu