Maungio ya Waya wa Mama Mkwe

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeamua. Simu inatoka sebuleni! Mama mkwe alikuja kupumzika wiki mbili, sasa ni mwaka wa pili, na kila jioni anaongea na yule mgane wake, fundi cherehani, mpaka sisikii mpira. Apendwe, sina neno. Ila apendewe chumbani kwake.

Nimepitisha waya nje, chini ya paa. Ukapelea. Nikaunga mwingine palepale ukutani, rangi kwa rangi, nikazungusha tepu nyeusi. Inaita! Mke wangu akatazama juu, akasema tepu tupu haizuii maji, nimwite fundi wa simu. Fundi wa nini, na mimi nipo?

Jumapili, 10 Machi

Umande tu, mvua bado—na simu inakwaruza, khaa khaa. Nimemkuta fundi wa simu dukani, nikajitia namuulizia jirani. Kasema maungio ya nje hukaa kwenye kikasha chenye jeli ya kuzuia maji, na waya uachwe uning'inie kidogo chini yake, matone yadondoke yasiingie ndani. Kisha eti nimsalimie sana huyo jirani. Akacheka, mshenzi!

Jeli si mafuta tu? Nimejaza kopo la plastiki mafuta ya kupikia, yale magumu, nikazamisha maungio humo. Simu shwari. Nimejipongeza mwenyewe, maana hapa nyumbani hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumatano, 13 Machi

Sisimizi! Ukoo mzima, na wakwe zao, kutoka jikoni mpaka ndani ya kopo. Mama mkwe hataki kula. Jana mgane alikuwa anaposa, amefika kwenye "basi mama, nilikuwa naomba", laini ikafa. Roho imeniuma kweli. Akiolewa si atahamia kwa mumewe? Sebule yangu! Mpira wangu! Mke wangu kasema ujuaji wangu utamzeesha mamake akiwa bado mjane. Nimesafisha juu juu, inashika kidogo. Mgane katuma salamu: atapiga tena Jumamosi.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika juu ya ngazi. Nilitoa kopo nisugue mafuta, waya uko uchi, mara mvua hiyo! Na simu ikaita! Mke wangu kanirushia mwavuli. Unafunika maungio na daftari hili, mimi nalowa. Mkono wa pili hauna kazi, na nisipoandika nitapiga kelele.

Dirisha li wazi. Mama mkwe anachekacheka. Kaposwa! Kakubali! Nusura nidondoke kwa furaha.

Sasa amechungulia. "Mkwe wangu, usitikisike hapo, tunapanga pa kuishi. Mwenzangu nyumba yake inavuja, nami nimemwambia huku kuna mwanamume anayejua kuziba. Anauliza, cherehani zake zitaenea sebuleni?"

Amesimama na simu sikioni, anangoja jibu langu. Anatabasamu vizuri, maskini.

Mkono wa mwavuli umechoka. Umechoka sana—