Siku Tisa Bila Babu Yako

Mjukuu wangu Saumu,

Huku Garsen tu wazima, mpunga umechanua. Wauliza kama daktari mmoja anatosha kujua mtu amekufaje.

Baada ya mafuriko ya Elnino, fungate yetu ilipokwisha tu, polisi walimchukua babu yako, kipenzi changu. Jirani waliyegombana naye alikutwa kando ya mto amekufa, ana majeraha. Sisi huzika siku hiyohiyo, lakini mamake marehemu alikataa: "Mwacheni mwanangu aseme kwanza."

Siku tisa nilikumbatia kanzu ya babu yako, nikiinusa. Daktari alikuta maji mapafuni. Mtaalamu wa meno akatambua majeraha ya mamba. Wa wadudu akapima funza: alikufa siku tatu kabla ya kukutwa, babu yako akiwa fungateni nami. Hakuna kati yao ambaye peke yake angemtoa babu yako korokoroni.

Mama yule ndiye aliyemleta mlangoni. "Ingia, baba," alisema. "Mkeo amekonda."

Bibi yako