Najma wa Yeoville, Uliyekataa Kuufunga Mtandao

Mwaka umetimia, Mama Samira, tangu Ijumaa ile ulipotutoka hospitalini, mumeo Selemani akiwa amekushika mkono na wanao Samira na Ahmad wamesimama miguuni pa kitanda. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Leo tunasema nawe kama tulivyozoea, na wenye kusikia wasikie.

Ulizaliwa Tanga, ukaja Johannesburg ukiwa bibi harusi, ukakaa Yeoville hadi mwisho. Hukuweza kupita spaza, duka dogo la mtaani, bila kumsalimu muuzaji na kumuuliza hali ya mama yake. Ulivua viatu mlangoni pa kila mtu, hata wenyeji wakikwambia ingia navyo. Kompyuta uliisemesha kama mtoto mvivu: "Haya, amka baba, watu wanangoja." Chai yako ilikuwa na tangawizi nyingi mno, na hakuna aliyethubutu kukwambia.

Kazi yako ya kwanza hapa ilikuwa duka la intaneti. Walikuja Wakongo, Warundi, sisi wa Tanzania, na wenyeji waliotafuta ajira. Uliwaandikia wasiojua kuandika, kisha ukayasahau uliyoyaandika, maana ulisema siri ya mtu haikuhusu. Simu za kisasa zilipoenea, duka likafa. Lakini data ilikuwa ghali, na ukawa unawaona wanafunzi wamekaa ukingoni mwa barabara nje ya mgahawa, wakivizia waifai ya wateja mpaka wafukuzwe. Jambo hilo lilikukera sana.

Ukachukua vifaa vya duka, ukaomba ruhusa ya kupandisha antena juu ya paa la jengo letu, kisha la jirani, kisha juu ya saluni ya Mama Hélène, rafiki yako kutoka Bukavu. Mwenye uwezo alichangia gharama ya laini, asiye nao alitumia vilevile. Ukauita mtandao huo Baraza, kwa sababu kwenu Tanga barazani hukaa yeyote apitaye. Haukuwa na paswedi. Ukaweka na ukurasa mmoja wa habari za mtaa, kila mtu akiandika kwa lugha yake: maji yamekatika, paka amepotea, nani ana ngazi ya kuazima.

Kisha yakaja majira yale ya baridi, ya maandamano ya kuwapinga wageni. Duka la simu la shemeji yako Seif lilivunjwa, likaachwa rafu tupu. Vioo vya saluni vikapasuliwa. Jumapili iliyofuata watu wakakusanyika mle mle saluni, vipande vya vioo vikilia chini ya viatu.

"Shemeji, weka paswedi," Seif alianza. "Wape watu wetu tu. Hawa waliotuvunjia tunakaa nao majengo haya haya. Wanapanga njama kwa mtandao wetu."

Mama Hélène akamuunga mkono. "Dada Najma, mi nakupenda, unajua. Lakini watu wanavunja vioo yangu, halafu kesho niwapatie tena mtandao ya bure? Non."

Ulijibu polepole, kama ulivyozoea ukiwa na uchungu.

"Waliovunja wana data zao, paswedi haitawazuia. Itamzuia Gogo Thokozile, yule bibi mwenyeji wa ghorofa ya tatu, na mjukuu wake anayesomea uuguzi. Na nikishakaa mlangoni kuchagua nani apite, mtakuja kuniambia Warundi wamezidi, wapunguzwe. Baadaye mtataka kujua fulani anasoma nini. Kazi hiyo siijui, na sitaki kujifunza."

"Kwa hiyo wao ni bora kuliko sisi?"

"Sijasema hivyo, Seif."

Akatoka bila kuaga.

Ulilipa gharama ya uamuzi ule. Baadhi ya wachangiaji walijitoa, mtandao ukawa mzito, na wewe ukawa unabisha hodi mlango hadi mlango, kwa wageni na wenyeji, ukieleza wazi kwamba laini inaweza kukatika. Wengine walikufungia mlango. Gogo Thokozile alikufungulia, akakukalisha, akawa yeye ndiye anayepita kwa wenyeji wenzake kuomba mchango. Lakini Seif hakukanyaga kwetu. Ramadhani ilipofika uliendelea kumwekea sahani yake ya futari. Tuliiona.

Halafu mchana mmoja, shule zimeshafunga milango, ikasambaa kwenye simu habari kwamba binti wa mtaani ameibwa na Watanzania na kufichwa dukani. Duka lililotajwa lilikuwa la Seif, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefungua upya. Watu wakaanza kujaa pale kwenye roboti, kwenye taa za njia panda karibu na saluni na duka hilo, wengine wameshika fimbo. Seif akashusha chuma cha mlango, akabaki ndani na wateja wake.

Samira alitaka kukimbilia kule. Ukamshika mkono, ukaandika kwenye ukurasa wa Baraza: "Mtoto huyu anaitwa nani? Nani kamwona leo?" Samira akaiandika kwa Kizulu chini yake. Jibu likatoka kwa Gogo Thokozile: mtoto yuko kwangu, kaja kusoma na mjukuu wangu, anakula. Akaweka na picha, binti ameshika kijiko, mdomo umejaa pap, ugali wa huku, kakasirika kupigwa picha.

Wengi waliosimama kwenye roboti walikuwa ndani ya Baraza, kupitia antena ile ya saluni. Simu zikaanza kulia. Wakaonyeshana picha. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, akaangua kilio, akakimbia kuelekea jengo letu. Kumbe ndiye mama mzazi. Waliobaki walisimama kidogo kama watu wasiojua mikono yao waiweke wapi. Mwenye fimbo mmoja akasema "eish," akaondoka. Wakatawanyika.

Kabla ya magharibi Seif alisimama mlangoni kwetu.

"Shemeji, kuna chai?"

"Ipo. Ingia ukae."

Alikunywa, akaongezewa, akanywa tena.

Hatusemi kwamba uliuponya mtaa, na wewe ulitukataza kusema hivyo. Maandamano yalirudi. Octave, mlinzi wa jengo letu, alipigwa akiwa anatoka kazini, na hakuna antena iliyomsaidia. Ulikwenda kumwona kila siku mpaka akasimama. Tukikusifu mbele ya watu ulitukatiza: "Zile ni nyaya tu. Aliyesema kweli siku ile ni Gogo."

Moyo wako ulichoka mapema. Siku tulipokuzika, kina mama wa kanisa la Mama Hélène walifunika vichwa kwa vitenge, wakasimama nje ya makaburi ya Waislamu, hawakuondoka mpaka tulipomaliza. Mama Hélène alimwambia Selemani, "Shemeji, paa langu ni lenu."

Tangu uondoke, Ahmad ndiye anayepanda juu ya mapaa na Samira anajibu watu. Mwezi uliopita kampuni moja ilikuja na vifaa vipya. Ilitaka kila mtumiaji ajiandikishe kwa kitambulisho, na zifunguke zile kurasa tu inazozichagua yenyewe. Kikao kilikuwa kirefu, na wapo waliotaka kukubali, kwa kuwa vifaa vyetu ni vikuukuu na huharibika. Samira, uliyezoea kumsemesha Kiswahili akakujibu Kiingereza, alisimama akazungumza kwa Kiswahili chote alichonacho, akikosea na kujirekebisha. Kampuni ilikataliwa kwa tofauti ya kura chache. Hatujui mwakani itakuwaje.

Watu hutuambia umeacha jambo kubwa, na tunawashukuru. Lakini sisi tulikutaka wewe. Selemani bado analala upande wake wa kitanda. Hajaweza kuhamia katikati.

Dua itasomwa nyumbani Jumapili baada ya Alasiri. Mwenyezi Mungu ailaze roho yako mahali pema, akusamehe, akukutanishe nasi kwa heri.

Unakumbukwa na mumeo Selemani, wanao Samira na Ahmad, shemeji yako Seif na mkewe Tabia, dada zako wa Tanga, Mama Hélène, Octave, Gogo Thokozile na mjukuu wake, ambaye sasa ni muuguzi.

Maadamu tuko hai, Najma, hatutaacha kukukumbuka.