Nilipochoka Kutafutiwa Ukoo

Mume wangu Yohana,

Marahaba. Huku Mlalo tu wazima, isipokuwa maharage yanaozea mvuani na magoti yangu yamegoma kupanda mlima. Unaniuliza kama wewe na mchumba wako Neema ni ndugu, maana mababu zenu walitoka Vuga.

Mwaka wa Uhuru wazee walituwekea mimi na babu yako swali hilohilo: tukikutwa ndugu, hakuna ndoa. Tulisoma barua za zamani za mjomba wake, tukapekua vitabu vya ubatizo kanisani, kisha tukaenda bomani Lushoto. Karani akatuambia turudi kesho. Nikaketi ngazini, hoi, viatu vya kuazima vimenichubua.

“Hivi unatafuta ukoo,” nikamwuliza babu yako, “au unatafuta sababu ya kuniacha?”

Alikunja zile barua, akazitia mfukoni, akaniuliza kama nina njaa. Tulikula mihogo ya kuchoma sokoni, na kesho yake akaenda kwa baba yangu badala ya bomani.

Tafuta, mume wangu, wazee watakuuliza. Ila usimwache Neema ngazini muda mrefu.

Mkeo mzee,
Bibi Damari