Swali Ambalo Sikumjibu Mama

Bujumbura, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2003

Kwako dada yangu mpendwa Consolate,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji Népomuscène, kisha Spès na mdogo wake, ambaye nasikia ameota meno na anamuuma kila anayembeba. Mko salama huko Kigoma? Malaria ya shemeji imemwachia? Sisi huku tunapumua. Jana tulikwenda misa, padri akahubiri mpaka watoto wa binamu yetu Irène wakasinzia wote wanne, na mizinga ya milimani ilinyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Nadhani hata waasi wana Pasaka yao.

Barua yako nimeipata Jumatano kwa mkono wa baharia wa meli ya saruji, nimeisoma mara tatu. Umeniagiza kwamba tarehe kumi mwezi wa tano, siku ya kuondoa matanga ya mama, Mohamadi asikanyage uani kwetu. Umeniagiza pia kwamba mimi, mtoto wa kiume pekee, nisimame mbele ya watu na kusema wazi kuwa Mohamadi ndiye aliyempeleka mama kwenye kifo, kwa kumwambia kwamba niko karibu na kumbe sikuwa karibu. Dada, tangu uliponibeba mgongoni sijawahi kukukatalia jambo. Hili nimeshindwa. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana karatasi, maana na mimi nakujua wewe.

Kwanza nikukumbushe huyo Mohamadi ni nani. Mama alishona kwenye baraza la duka lake pale mtaa wa Asiatique kwa miaka kumi na sita, na hakuna siku aliyoombwa kodi. Vita ilipokuwa kali, mzee yule alikuwa anaingiza cherehani ndani kwa mikono yake mwenyewe kabla ya saa ya kafyu. Sasa ukoo wetu wote umemsusa. Irène akipita mbele ya duka anageuza uso, na wateja wake wamehamia kwingine wakisema mzee yule ana mdomo wa bahati mbaya. Yeye hajitetei. Kila tukikutana ananiambia maneno yaleyale: "Nisamehe mutoto wangu, masikio yangu imezeeka, nilisikia mubaya." Analia kama mtoto, na mimi nasimama pale namtazama. Cherehani ya mama bado iko barazani, ameifunika kwa kitenge kipya.

Sasa nianze. Wewe, kama watu wote, unajua kwamba wiki ile ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa Rumonge navua samaki wa mapambo. Mama naye alijua hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Dada, sikuwa Rumonge. Sikuwa hata Afrika.

Unaijua kazi yangu. Tunazama ziwani na mtungi wa hewa mgongoni, tunanasa wale samaki wadogo wenye mistari ambao Wazungu huwaweka kwenye matangi ya kioo sebuleni. Kuwanasa ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuwapandisha. Ukimtoa samaki chini kwa haraka tumbo linavimba na anakufa, kwa hiyo leo unampandisha mita chache, unamwacha kwenye kizimba cha wavu, kesho mita nyingine chache, mpaka azoee. Bwana Joos, Mbelgiji anayetununulia samaki, alikuja mwaka jana akakuta katika samaki wangu mia mbili hakufa hata mmoja. Alifurahi mno. Akasema ananipa zawadi ambayo mzamiaji yeyote angeiota: wiki moja pamoja naye na rafiki zake, kwenye hoteli ya pwani upande wa pili wa dunia, kuzamia tu, kula na kulala bure. Patroni wangu wa kazini akashughulikia pasipoti.

Nilitaka kumwambia mama. Jioni ile niliingia nyumbani nikiwa na tikiti mfukoni, nikamkuta anagawa bakuli moja la maharage kwa Irène na watoto wake, waliokuwa wameshuka kutoka milimani bila hata sufuria. Mama mwenyewe alisema ameshiba, na hakuwa amegusa kitu. Ningemwambiaje kwamba nakwenda kucheza majini wiki nzima? Mdomo ukajisemea wenyewe, naenda Rumonge, kazi ya wiki moja. Akanifungia ndizi za njiani. Ndizi zile zilioza uwanja wa ndege wa Nairobi, nikazitupa nikiwa nimepigwa na aibu.

Huko nilikokwenda sijui nikueleze vipi, maana mpaka leo sijatoka kwenye mshtuko. Siku ya kwanza walinifunga mkononi bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa, ambayo haivuliki mpaka uikate. Ukiwa nayo unakula chochote, saa yoyote, hakuna anayekuuliza. Nyama aina saba mezani, dada, na watu wanachukua, wanaonja, wanaacha. Niliona mtoto anamwaga sahani nzima kwenye pipa, nikaruka kitini kumshika mkono, baba yake akanitazama kama mwizi. Usiku wa kwanza niliiba mikate nikaificha chini ya mto. Mfanyakazi wa chumba aliikuta, akaipanga vizuri juu ya meza.

Na kichekesho kingine: nilikuwa nimebeba wavu wangu. Walipouona kwenye mashua walicheka mpaka wakashikana mabega, kwa sababu pale hakuna anayenasa kitu, watu wanashuka kutazama tu. Maji yenyewe ni ya chumvi, ya uvuguvugu, unaona mbali kuliko kutoka nyumbani hadi kanisani. Samaki wanakuja mpaka usoni, na vidole vyangu vilikuwa vinajikunja vyenyewe kutaka kunasa. Siku ya tatu nikaacha. Nilielea tu, nikatazama, na nakiri nilisahau. Niliisahau vita, nikamsahau Irène, nikamsahau mama. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata, na hilo nalo nakuandikia ulijue.

Ijumaa tulizama mara ya mwisho. Mwanamke mmoja aliyekuwa mkuu wa wazamiaji alitueleza kwamba aliyetoka chini ya maji hapandi ndege mpaka ipite siku nzima, damu ipate kutulia. Basi Jumamosi nikabaki nchi kavu bila kazi, na hapo ndipo moyo uliponigeuka. Nikaona siwezi kurudi na uongo ule. Nikaomba simu ya ofisi ya wazamiaji, nikapiga dukani kwa Mohamadi. Huku Bujumbura ilikuwa saa nane mchana, kule bado asubuhi.

Simu ilikuwa inakwaruza. Nilisema maneno haya, nayakumbuka yote: "Mzee, mwambie mama siko Rumonge. Niko Karibi. Nikifika nitamweleza."

Umelisoma neno lenyewe, dada? Karibi. Ndivyo vinavyoitwa visiwa vile. Mohamadi akapokea kwa furaha, akasema, "Ah, karibu, karibu sana, Mungu asifiwe!" Mimi nikadhani ananikaribisha tu, kwa ule ukarimu wake. Kisha nikamsikia anageuka na kupaza sauti: "Mama Conso! Mutoto asha toka Rumonge, iko karibu!"

Hapo nilielewa. Nataka ulijue hili kuliko yote niliyoandika. Masikio ya Mohamadi hayana kosa, na mimi niliusikia mkanganyiko ule palepale, ukiwa bado wa moto. Ningeweza kusema, hapana mzee, si karibu, ni Karibi, ni ng'ambo ya bahari. Lakini nilisikia cherehani ikisimama, kisha sauti ya mama kwa mbali. Mohamadi akaniletea maneno yake: "Mama anauliza weye iko karibu wapi, na kama ulikula."

Dada, nilikuwa nimetoka mezani. Nikatazama bangili. Nikasema, "Mwambie nimekula." Simu haikukatika. Mimi ndiye niliyeiweka chini. Nilijiambia kwamba neno limejipanga lenyewe, mama anafurahi, nami nitafika baada ya siku tatu na hakuna atakayejua.

Yaliyofuata ulisimuliwa. Jumapili baada ya misa ya kwanza alipika maharage na vidagaa vya ndagala kwa mawese, akafunga sufuria kwa kitambaa, akaenda Kanyosha kwenye kizuizi cha wanajeshi ambapo magari ya Rumonge husimama. Irène alimkataza, akajibiwa, "Kama iko karibu, aone mama yake kwanza." Alikaa pale kwenye jiwe akiuliza kila gari. Saa sita mchana kizuizi kikashambuliwa. Mimi wakati huo nilikuwa napanga begi.

Nilifika Jumanne asubuhi, tukamzika mchana. Uliniuliza kwa nini nilivaa koti zito makaburini na jua lile, kama Irène alivyokuandikia. Bangili ilikuwa bado mkononi. Katika safari yote sikuwa nimeikata, nilitaka kuja kuwaonyesha watoto wa Irène.

Hii ni miezi mitano. Kila Mohamadi alipoomba msamaha nilimpa. Nilimsamehe mzee wa watu kosa langu mimi, naye akanishukuru. Nimekufikishia habari hii pole pole kama ninavyopandisha samaki, kwa sababu sikujua njia nyingine, lakini sasa imefika juu yote.

Kwa hiyo tarehe kumi nitasimama kama ulivyoagiza, na nitamtaja aliyemuua mama. Jana baada ya misa nilikwenda dukani, nikamwomba Mohamadi aje na mke wake wakae kiti cha mbele, pamoja na familia. Aliogopa, akauliza kama wewe umekubali. Nikamwambia barua iko njiani. Ukweli huu yeye mwenyewe sijamwambia bado, nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Bangili nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ifanye upendavyo.

Msalimie sana shemeji, mbusu Spès, na huyo mwenye meno mpe kidole changu akiume. Njoo, dada, hata kama ni kwa kunitemea mate. Ila ukifika ukabisha hodi, usikasirike ukinisikia nasema "ingia" tu. Watu hapa wanasema nimekuwa na majivuno, siku hizi sikaribishi mgeni. Neno lenyewe haliwezi kunitoka mdomoni.

Ni mimi mdogo wako,
Valéry