Kadi Ambayo Mzee Miiba Hakuisoma

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Mumeo ametoka gerezani juzi Ijumaa. Aliyeniambia ni karani wa gereza, mteja wangu wa vitambaa, naye alimwona kwa macho yake akitia sahihi na kurudishiwa mkanda wake. Nimeanza na hilo kwa sababu hata ningeanza na salamu, ungeziruka utafute kilicho chini yake. Sasa salamu. Hujambo? Mkono unaendeleaje na baridi hii? Chiriku mzima? Mimi sijambo, isipokuwa magoti.

Amepunguziwa miezi minne kwa tabia njema. Usicheke.

Tuendelee kama tulivyoanza. Simu hapana, maana ndizo zilizomfikisha kwako mara ya pili. Barua atazibeba dereva wa gari la mashuka, anayekuja kwenu Jumatatu na kurudi huku Jumanne. Hajui mengi, wala si mtu wa kuuliza.

Swali moja tu. Mtoto bado anatazama kile kipindi?

Dada yako


Jumanne, 19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Tu wazima. Mkono huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo hapa chumba cha kufulia nimekuwa mtabiri wa hali ya hewa. Unisamehe kuchelewa, nyumba ya wageni imejaa na mashuka hayaishi.

Bado anatazama. Ana miaka kumi na sita, amenipita kimo, na kila Alhamisi saa kumi na nusu alasiri anaketi sakafuni pale mapokezi na watoto wawili wa mpishi. Mkubwa wao ana miaka sita. Mpishi anamwita Bibi wa Vikaragosi. Wiki iliyopita alimwambia, "Bibi, wajukuu wamekosa nafasi, sogea kidogo." Akasogea. Kuondoka hakuondoka.

Najua unachowaza. Yule nungunungu wa kitambaa, mkono ulio ndani yake ni wa babake, na sauti ni ya babake. Lakini tangu afungwe wanarudia kanda za zamani, na kanda haijawahi kumvunja mtu mkono. Nilimuuliza Chiriku haoni haya, msichana mzima na Mzee Miiba. Akanijibu, "Mama, pale ndani hajawahi kupaza sauti." Nikaendelea kukunja mashuka.

Kuhama kwa sasa siwezi. Mtihani wake wa mwisho unaisha Ijumaa, tarehe 3 Mei, saa sita mchana. Baada ya hapo nitakusikiliza.

Mdogo wako


Jumapili, 7 Aprili

Mdogo wangu,

Alikuja dukani Jumatano. Habari zenu baadaye, soma hili kwanza.

Aliingia, akaniamkia, akangoja zamu yake nyuma ya wateja wawili. Amekonda na amenyoa ndevu. Alitaka kifungo kimoja cha shaba, cha koti la Mzee Miiba, kwa kuwa amerudishwa kazini na vipindi vipya vinaanza mwezi huu. Alichagua kama anayechagua pete. Nikamfungia, akalipa, akaniambia, "Ahsante, shemeji," akatoka.

Hakuuliza uko wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa miaka miwili, na hakuliuliza. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Unaikumbuka desturi ya kadi. Mtoto huandika jina, umri na shule, kisha huchora anachokiona akisimama mlangoni kwao. Mzee Miiba huisoma kadi, hupiga hodi kwenye mchoro na kujifanya ameingia. Mwambie Chiriku asiandike kitu. Mwambie leo, si kesho.

Mnaendeleaje lakini? Mkono?

Dada yako


Jumanne, 23 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Dereva alilazwa na homa wiki mbili na gari lilikuja bila yeye.

Chiriku alishaandika. Nilipomsomea maneno yako aliniambia yote bila kulia. Kadi za waliozidi miaka kumi hazisomwi, kwa hiyo aliandika kwamba ana miaka saba, na aliandika kwa mkono wa kushoto ili herufi ziyumbe. Jina aliweka Chiriku tu. Alidhani yuko salama, ati babake hawezi kujua kwamba mtoto wa miaka saba ni yeye. Dada, nani alimpa jina hilo kama si babake? Akaandika na shule. Akachora kwa rangi ya zambarau kile kinachoonekana mlangoni: kibao cha kinyozi, na tangi letu la maji lenye mguu mmoja mfupi uliotiwa tofali.

Alhamisi iliyopita Mzee Miiba alisoma kadi tano. Ya sita aliitazama, hakuisoma. Aliikunja mara mbili akaitia mfukoni mwa koti, akaufunga mfuko kwa kifungo cha shaba. Watoto wa mpishi walicheka sana. Chiriku peke yake ndiye aliyeiona ile zambarau.

Anasema huenda hakuisoma kwa sababu ya aibu. Anasema, "Aliyevunjika mkono ni wewe, Mama, mimi hajanigusa."

Tutaondoka, lakini mtihani afanye. Miaka kumi na miwili ya shule, siwezi kuitupa kwa siku kumi. Kila siku nampeleka mwenyewe na saa sita nakuwa lango la mbele kumchukua. Tuje kwako Jumamosi?

Mdogo wako


Jumapili, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Tangu Jumatatu iliyopita haendi kazini. Nimeambiwa na mlinzi wa kituo cha televisheni. Aliomba ruhusa ya wiki mbili na akaondoka na begi moja. Alhamisi waliweka kanda ya zamani, bila shaka mliona. Nyumba anayopanga imefungwa kwa kufuli.

Nilikwenda polisi. Afisa wa zamu aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, kisha akanieleza kwamba kutia kadi mfukoni si kosa. Nikamwambia najua. Ameahidi kuwapigia wenzake wa huko.

Kama ni mimi, mngeondoka mkishasoma barua hii. Lakini nakufahamu, na mtihani umebaki siku tano, kwa hiyo nimekubali kwa shingo upande. Msitoke baada ya saa kumi na mbili. Chiriku asiachwe peke yake hata kwenda kuchota maji. Ijumaa akimaliza, fungasheni. Jumamosi, tarehe 4 Mei, saa kumi alasiri nitakuwa kituo cha basi, upande wa mizigo. Msipotokea narudi kwa yule afisa, na safari hii siondoki.

Salamu zote nitazitoa ana kwa ana.

Dada yako


Alhamisi, 2 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Sisi hatujambo, Mama yuko kufulia, masanduku mawili yameshafungwa. Nakuandikia mimi kwa sababu Mama akijua hatalala. Dereva hupita Jumatatu, kwa hiyo utakapoisoma tutakuwa tumeshafika kwako na utanisuta mbele ya chai. Sawa.

Leo nilipotoka shule niliona tofali la tangi limegeuzwa. Chini yake palikuwa na kadi yangu, imekunjwa mara mbili, na ndani yake kifungo cha shaba. Nyuma ya kadi ameandika kwa ile sauti ya Mzee Miiba, nilikuwa naisikia kabisa: hodi, Chiriku, njiwa wangu wa miaka saba, nimefika mlangoni, nisipokaribishwa miiba yangu itanyauka. Nilicheka peke yangu pale kwenye tangi. Mpishi akaniuliza, "Bibi, una nini?"

Anataka kuniona tu. Wote mnamwongelea alivyo nyumbani. Mimi nataka kumwuliza yule wa kwenye runinga anatokea wapi, na kwa nini hakuja kuishi na sisi. Dakika kumi zinatosha. Mama atakuwa lango la mbele.

Amesema nije peke yangu. Kesho Ijumaa, saa sita, lango la nyuma.

Mwanao,
Chiriku